Tambi Zilizolowekwa Tangu Asubuhi

Fundi Timazi alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda walimkubalia: ukuta wake hauinami. Jina lenyewe alilipata kazini, kwa ile tabia yake ya kushusha timazi, yaani uzi wenye kipande cha chuma chini, kwenye kila kitu kinachosimama. Mlango, nguzo, kabati la watu. Mwaka mmoja alilazwa kwa homa, na alipopata nafuu kidogo alimwita muuguzi akamweleza kwamba ukuta wa wodi umekwenda kulia nusu inchi. Muuguzi alimwambia ameze dawa alale.

Kwa hiyo haikumwingia akilini kwamba mtu aliyejenga madarasa, maghala na nyumba ya ghorofa mbili angeweza kushindwa na paketi mbili za tambi. Jumapili ile alitakiwa kupika chakula kimoja tu, kwa mikono yake mwenyewe, kiliwe na watu wawili nao washibe. Akifaulu, binti yake angerudi nyumbani. Akishindwa, angebaki kwa mama yake mdogo kwa miaka mingine minne.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mkewe alipofariki, binti alikuwa na miaka tisa, na Timazi enzi hizo alikuwa akitoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshona nguo aliyekuwa akiishi peke yake, alikuja msibani akaondoka na mtoto. Makubaliano yalikuwa muhula mmoja tu, mpaka baba ajipange. Timazi akaanza kujipanga. Alijipanga miaka mitatu. Kwanza alisema chumba cha mtoto hakina dari. Dari ikapigwa. Akasema jiko halina vigae. Vigae vikawekwa, vikabanduliwa kwa sababu kimoja kilimzidi mwenzake unene wa kucha, vikawekwa tena. Kisha akasema bafu. Nyumba za watu alikuwa akizimaliza kwa miezi minne, lakini ya kwake kila ikikaribia kwisha aligundua kasoro mpya, na kasoro isipojitokeza yenyewe aliitafuta.

Akiulizwa alikuwa na mzaha tayari. Binti alipokuja Jumapili moja na kuuliza atarudi lini, baba yake alimwonyesha bafu lisilo na mlango, akamwambia kwamba atakayeoga humo itabidi aimbe kwa sauti ili wapita njia wajue kuna mtu. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Jioni akaondoka na mama yake mdogo kama kawaida.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na miwili, anamaliza shule ya msingi, na fomu ya kuchagua sekondari ilitakiwa irudishwe Jumatatu. Palikuwa na shule mbili za kuchagua. Moja ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwa shemeji. Nyingine ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwa Timazi, na vyoo vyake alivijenga yeye. Timazi akajikaza, akampigia shemeji simu, akasema angependa mtoto asome hii ya karibu naye.

"Shemeji, mimi sikatai mtoto arudi kwa baba yake," shemeji akasema. "Lakini siwezi kumpeleka mtoto wa dada yangu kwenye nyumba inayopikwa chai tu. Jumapili tunakuja, mimi na yeye. Utupikie, peke yako, usiite jirani. Tukila tukashiba, tutaongea habari ya fomu."

Timazi akajibu kwamba asiidharau chai yake, kuna watu wameshaitafuna. Shemeji hakucheka, akakata simu.

Chakula alikichagua binti. Aliwahi kukila nyumbani kwa rafiki yake wa darasani: tambi zenye kamba wa baharini, krimu na jibini. Aliandika maelezo yote kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kwa mwandiko wa kujitahidi, akayapiga picha na kumtumia baba yake kwenye simu. Timazi aliyasoma akiwa juu ya jukwaa la kazi, akashuka, akayasoma tena akiwa amekaa.

Jumamosi alikwenda kwa muuza samaki. Aliomba kamba wa saizi moja. Muuza samaki alimwonyesha beseni, akamwambia kamba ni hao, kila mmoja kazaliwa na saizi yake. Timazi hakukubali. Aliwachambua mmoja mmoja, akawapanga kwenye meza ya bati kwa mstari, aliyezidi akamrudisha, foleni ikakua nyuma yake, hadi muuza samaki akamuuliza kwa upole kama ananunua kamba wa kula au wa kujengea. Timazi alicheka kuliko wote kwenye foleni. Kujicheka mwenyewe kabla hajachekwa kulikuwa ni ufundi wake wa pili, na huo haukuhitaji zana.

Jumapili aliamka saa kumi na moja. Aliwamenya kamba, akawachana mgongo na kuwatoa ule uzi mweusi, akawaosha, akawapanga kwenye sinia mikia ikitazama upande mmoja. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima na ushee, na ilipokwisha alirudi nyuma hatua mbili kuitazama, kama afanyavyo akimaliza ukuta. Aliridhika. Kama mtihani ungekuwa wa kupanga kamba, pale pale angemwambia binti alete sanduku.

Ndipo akarudi kwenye karatasi, na humo akakutana na sentensi iliyommaliza. Binti alikuwa ameandika: "Changanya tambi na sosi wakati wa kula tu, kwa sababu tambi zikikaa zinakunywa sosi yote inakauka."

Timazi akatabasamu peke yake jikoni. Hilo alilijua. Alilijua kuliko aliyeandika, kuliko mama wa rafiki yake binti, kuliko kiwanda kilichotengeneza tambi. Tofali kavu nalo hunywa. Ukilibandika kavu kwenye udongo wa saruji, litafyonza maji yote, saruji itakosa nguvu, na mwaka haupiti ukuta utaachia. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu huloweka matofali yake kwanza, yanywe yashibe, kisha ndipo yajengewe. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwafokea vibarua kwa kosa hilo hilo. Sasa anaandikiwa asiache tambi zikae, eti zitakunywa sosi. Si zinywe maji kwanza, basi? Alisikitika kwamba ulimwengu wa mapishi umekaa miaka yote hiyo bila kumuuliza fundi mwashi.

Akachukua beseni, akalijaza maji, akazizamisha tambi za paketi zote mbili. Zilikuwa ndefu, ncha zikabaki nje, akaziwekea sahani juu zizame sawasawa. Ilikuwa saa moja asubuhi. Jambo pekee lililomsumbua ni kwamba hakuziloweka tangu jana.

Asubuhi yote aliipitisha akifagia, akipangusa, akipachika mlango wa bafu aliokuwa ameununua miezi minane kabla. Saa saba mchana akawasha jiko na kuanza sosi, na hapa lazima asemewe ukweli: sosi aliiweza. Aliyeyusha siagi, akatia kitunguu saumu kilichosagwa, akapaka kamba chumvi, pilipili manga na paprika, akawakaanga dakika mbili upande huu na dakika mbili upande ule, akiwa na saa mkononi. Walipogeuka rangi akawatoa. Kwenye kikaango hicho hicho akamimina krimu, akaiacha ichemke polepole, kisha akaanza kutia jibini aliyoikwaruza, kidogo kidogo, akikoroga. Mchanganyiko aliujua. Ukiwa mwepesi mno unatiririka, ukiwa mzito mno haushiki. Aliinua mwiko akatazama inavyodondoka, akaonja. Ilikuwa tamu. Timazi alisimama pale jikoni na mwiko mdomoni, akahisi machozi yanamlenga, akajiambia ni kitunguu saumu.

Maji ya tambi yalikuwa yanachemka. Karatasi ilisema dakika kumi. Akaondoa sahani juu ya beseni.

Tambi zilikuwa zimevimba na kupauka, zimelala chini kwa ulegevu wa kutia wasiwasi, na maji yake yalikuwa meupe. Fundi mwingine angeshtuka. Timazi aliona zimeshiba vizuri. Akazichota kwa mikono miwili, nyingine zikamkatikia vidoleni, akazitumbukiza kwenye sufuria, akaangalia saa. Dakika ya tatu maji yakageuka gundi. Dakika ya tano mwiko ukawa unasimama wenyewe. Yeyote mwenye akili timamu angezima jiko, lakini imeandikwa kumi, na Timazi tangu azaliwe hajawahi kukiuka vipimo. Akazipa dakika zake zote kumi. Alipomimina kwenye chujio hakikupita kitu. Si maji wala tambi. Alikuwa na bonge moja zito, lililoshika umbo la sufuria, na alipoligeuza kwenye sahani lilisimama wima. Hata bila timazi aliona kwamba limenyooka.

Akajaribu kulichambua kwa uma, akajaribu kulisuuza, akajaribu hata kulikata vipande, akiwaza kwamba huenda shemeji hajui tambi zinavyotakiwa kuwa. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa amengoja miaka mitatu. Mtoto amemwandikia kila kitu, hatua kwa hatua, hadi kiasi cha chumvi, na yeye amekwenda kumfundisha mtoto mapishi kwa elimu ya matofali. Akataka kucheka, akaona hawezi.

Mlango ukagongwa.

Mtu akibanwa ndipo hujua yeye ni wa namna gani, na Timazi aligundua kwamba yeye ni wa kuficha bonge. Alilitupa bonge kwenye ndoo, akafunika kwa kitambaa cha kupangusia, akaisukuma chini ya sinki. Akafungua mlango na uso wa bashasha, akawakaribisha, akawaketisha, akaweka mezani kikaango cha kamba na sosi pamoja na mkate wa kukatwa, na kabla hajaulizwa akaeleza kwamba tambi zimekosekana mjini. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu wanasema labda wiki ijayo. Alieleza kwa kirefu, akatia na sauti za wenye maduka. Shemeji alimtazama tu. Binti akasema anakwenda kunawa mikono.

Akanawa jikoni. Walisikia maji yakitiririka, yakafungwa, kisha kimya. Aliporudi alikuwa amebeba ndoo.

"Baba, hizi ni nini?"

Timazi aliitazama ndoo, akamtazama shemeji, akaona hakuna pa kutokea. Basi akafanya anachokiweza. Akasimama, akasimulia yote. Alianza na foleni ya kwa muuza samaki, akaja kwenye ile sentensi ya tambi kunywa sosi na namna alivyojipiga kifua jikoni, akaeleza tofali linavyonyonya, akaeleza sahani iliyowekwa juu tambi zizame, na majuto yake ya kutoziloweka tangu usiku. Aliigiza dakika ya tano akiangalia saa huku mwiko umesimama. Alipofika mahali pa kugeuza sufuria na bonge kusimama wima, shemeji, ambaye alikuja pale kwa nia ya kutocheka, aliinamisha kichwa mezani akacheka mpaka akashika mbavu. Alijifuta macho kwa kiganja, akajaribu kusema neno, akacheka tena.

Binti hakucheka. Alikuwa bado amesimama na ndoo.

"Baba, unanichekesha tena," akasema.

"Tena vipi, mama?"

"Kila nikikuuliza narudi lini, unanichekesha. Nacheka mpaka napanda basi na Mama Mdogo. Nikifika kule ndio nakumbuka kwamba hujanijibu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kitu alichokiona muda mrefu akadhani wengine pia wanakiona. Shemeji aliacha kucheka, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka.

Timazi alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tayari mdomoni, la kuchekesha, linahusu dari, na kwa mara ya kwanza aliliona lilivyo. Akalimeza.

"Naogopa," akasema. "Nyumba ilibaki mlango wa bafu tu tangu mwaka jana. Naogopa urudi hapa, uone sijui kusuka nywele, sijui kupika, sijui niseme nini ukiumwa, halafu uombe kurudi kwa Mama Mdogo. Ukiwa kule najiambia hujarudi kwa sababu ya bafu. Ukirudi ukaondoka, nitajiambia nini?"

Binti aliweka ndoo chini. "Mbona hukunipigia simu asubuhi? Ningekwambia tambi hazilowekwi."

"Nilitaka ukute kila kitu tayari."

"Mimi nilikuwa nimekaa na simu," binti akasema. "Tangu saa mbili."

Timazi alimwambia anataka arudi. Hakusema bafu likiwa hivi au muhula ukiwa vile. Alisema nataka urudi, leo nataka na jana nilitaka, na tangu siku ulipoondoka na begi lako la shule nilitaka, na sikukwambia hata mara moja.

Shemeji akafungua mkoba wake, akatoa fomu, akaiweka mezani ikiwa imekunjwa, mkono wake ukiwa juu yake.

"Hii nimeshaijaza," akasema. "Niliijaza jana usiku. Nilijua utatafuta sababu, shemeji. Samahani." Aliinua mkono taratibu. "Mtoto hajaiona."

Timazi akaikunjua. Jina la binti lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa safi. Shule iliyochaguliwa ilikuwa ile ya mtaa wa pili kutoka kwa shemeji. Chini yake palikuwa na sehemu ya mzazi au mlezi, mistari miwili. Mstari wa kwanza shemeji aliandika jina lake, na mbele yake, penye kuuliza uhusiano na mwanafunzi, aliandika "mama". Mstari wa pili aliuacha wazi.

Alilisoma neno hilo mara mbili. Akakumbuka homa alizougua mtoto na yeye hakuambiwa mpaka zilipopoa, sare zilizofuatana miaka mitatu, kila moja imeshonwa kwa urefu wake wa mwaka huo. Alipoinua macho, shemeji alikuwa anatazama dirishani.

"Nipe kalamu," akasema shemeji bila kumtazama. "Nikate nilipoandika vibaya."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Timazi. Akakata jina la shule, mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake ile ya karibu. Kisha akashuka kwenye mstari wa pili, uliokuwa wazi, akaandika jina lake, na mbele yake akaandika "baba". Mstari wa kwanza hakuugusa. Akamsukumia shemeji fomu.

Shemeji aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa maneno machache kama yale. Binti alisogea akasoma juu ya bega lake, akavuta kiti akakaa katikati yao, akamega mkate akauchovya kwenye sosi.

"Nguo zake nitazileta kesho jioni," shemeji akasema. "Na Jumamosi atakuwa anakuja kwangu. Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi," Timazi akasema.

Shemeji akaikunja fomu, akairudisha kwenye mkoba, kisha akavuta sahani yake karibu na kuomba aongezewe kamba.